Callie Anatafuta pa Kupotea

Benchi ni langu, liko nje ya duka langu la matairi hapa Alabama, ng'ambo ya barabara kutoka kanisa letu la Kibaptisti. Kahawa pia ni yangu. Wenzangu wanaleta midomo tu. Yupo Hoyt Ledbetter, tunamwita Shemasi kwa sababu ni shemasi na hatukujisumbua kubuni zaidi. Yupo Verlon, tunamwita Bata, maana kila ukija mkutano wa injili anaingiwa na wasiwasi kwamba safari iliyopita hakuokoka sawasawa, basi anapita mbele tena, anabatizwa tena kwa kuzamishwa majini. Na yupo Odell Stamps, ambaye asubuhi ile alikuja amenuna, akajimiminia kahawa bila hata salamu.

Tulijua kinachomkera. Jumapili mjukuu wake Callie, mtoto wa miaka tisa, alipita mbele kuomba ubatizo. Shemasi akamuuliza swali tunaloulizwa sote: uliokoka siku gani? Mtoto akafikiri, akasema hakumbuki siku ambayo hakuwa na Yesu. Akina mama wakatoa vitambaa kufuta machozi. Shemasi hakutoa kitambaa. Alisema mtoto asubiri kwanza, mpaka aijue siku yake.

— Sasa halali vizuri, Odell alisema. Jana kaniuliza, "Babu, nikapotee wapi kidogo, ili niokoke?"

Bata akaanza kucheka, akaiona sura ya Odell, akakimeza kicheko pamoja na kahawa.

— Ndugu Odell, usinichukie, Shemasi akasema. Wokovu haurithiwi kama shamba. Kulelewa na walokole siyo kuokoka. Mtu lazima avuke, na akivuka atajua.

— Avuke kutoka wapi? Kazaliwa upande huu huu. Hata tusi moja halijui.

Hapo Bata akapata wazo, na Bata akipata wazo ni heri ushike kikombe chako. Alisema Callie apelekwe kwa Wamethodisti kiangazi kimoja, akirudi atakuwa na cha kutubu. Nikamkumbusha kwamba mke wangu ametoka hukohuko, achunge ulimi. Akaomba radhi, kisha akashauri mtoto afundishwe karata. Akatukumbusha mtoto wa mchungaji wetu wa zamani, aliyekosa ushuhuda akiwa na miaka saba, akasimama mbele ya kanisa akasema Bwana amemtoa kwenye kamari. Kumbe alikuwa akicheza gololi tu.

— Wakambatiza? nikauliza.

— Jumapili ileile. Watu walilia, bwana wee.

Mimi nami sikutaka kuachwa nyuma. Nikasema kanisa litenge Jumamosi moja kwa mwaka, watoto wetu wote wapakiwe kwenye basi la kanisa, wapelekwe ukumbi wa dansi mjini wakapotee pamoja, wakiwa na mikate yao na ruhusa ya wazazi, na jioni warudishwe kuokolewa. Shemasi akasema sisi Wabaptisti hatuchezi dansi. Nikamwambia ndiyo maana ukumbi ule unafaa.

Odell hakucheka.

— Yule mtoto alikuwa hagusi hata biskuti kabla ya kuomba, alisema. Sasa ameacha kuomba. Anasema hajui kama anaruhusiwa.

Aibu ilinishika, kwa kweli, na ile dansi yangu.

Maudine, mke wa Shemasi, alikuwa amevuka barabara kuja kumchukua mumewe, na maneno hayo ya mwisho aliyasikia. Akasimama mbele ya benchi na mkoba wake.

— Hoyt, hebu nikumbushe. Wewe uliokoka siku gani?

Shemasi akakaa wima. Hilo analijua kama jina lake. Alhamisi ya mkutano wa injili wa hemani, mwezi wa nane, ubeti wa mwisho wa wimbo wa mwisho, yeye na miaka kumi na miwili.

— Naikumbuka hiyo Alhamisi, Maudine akasema. Mimi nilipita mbele kwenye ubeti wa kwanza, nimevaa gauni la njano. Sasa niambie, mume wangu. Ulikuja kule mbele kumfuata Yesu, au kunifuata mimi?

Sote tukamtazama Shemasi. Shemasi akatazama ndani ya kikombe, na kikombe kilikuwa kitupu. Bata akafungua mdomo, nikamkanyaga mguu. Shingo ya Shemasi ilianza kuwa nyekundu, wekundu ukapanda mpaka masikioni, na mkewe akaendelea kungoja, bila haraka yoyote.

Mwishowe akainuka, akavaa kofia yake.

— Odell, akasema, bila kumtazama mtu. Mwambie mtoto aache kutafuta pa kupotea. Jumapili aje na nguo za kubadilisha.

Odell aliondoka mbio kwenda kwenye gari lake, kahawa akaiacha palepale benchini. Bata akaivuta karibu, akanywa, akakohoa. Kisha akauliza kama maji ya Jumapili yatapashwa moto, maana na yeye ana wasiwasi kidogo.