Kushoto kwa Aliyeketi

Wasikilizaji wapendwa, leo ulimwengu mzima wa sayansi ya ubongo umesimama kwa huzuni. Umesimama kimya. Fundi mitambo wetu, yeye ameketi na anakula karanga.

Tunamkumbuka mama aliyefariki Jumanne. Mtangazaji wenu hana undugu naye wa aina yoyote, na kofia niliyovaa ni ya heshima tu. Naomba hilo lieleweke.

Kazi yake ilikuwa kubandika elektrodi vichwani mwa watu. Elektrodi ni vidude vya duara vinavyosoma mawimbi ya ubongo. Unaketi, unayatazama mawimbi yako kwenye skrini, na taratibu unajifunza kuyatuliza. Kubandika si kazi. Kazi ni kubandika palepale pa jana.

Hapo ndipo kituo chao cha mafunzo ya ubongo kilipokuwa kichekesho. Mkufunzi mmoja aliandika "juu ya sikio". Mwingine "karibu na utosi". Wa tatu, "palepale". Kisha akaja mama mmoja, fundi cherehani, aliyekosa usingizi. Kwenye faili lake waliandika "kushoto". Mkufunzi wa kwanza alisimama nyuma yake, akabandika kushoto. Wa pili alisimama mbele yake, akabandika kushoto kwake mwenyewe. Yaani kulia kwa mteja. Leo upande huu, kesho upande ule. Yule mama akazidi kukesha, mpaka akashona mikono miwili upande mmoja wa shati. Akaaga kwamba harudi tena.

Marehemu akamzuia mlangoni, kisha akagoma kubandika chochote mpaka wote waandike lugha moja. Herufi na namba za kutaja kila sehemu ya kichwa zilikuwepo duniani siku nyingi. Pale kituoni hakuna aliyejisumbua nazo. F ni mbele. C ni katikati. O ni kisogoni. Namba witiri ni kushoto, shufwa ni kulia, na z ni mstari wa kati. Na kushoto ni kushoto kwa aliyeketi. Narudia: kwa aliyeketi.

Mkuu wa kituo alimcheka. "Dada, hapa tunafundisha ubongo, hatugawi viti vya basi."

"Kwenye basi ukikalia kiti cha mwenzio utainuliwa," akamjibu. "Huyu mama nani atamwinua?"

Mkuu akafuta lile neno "kushoto" kwenye faili. Fundi cherehani akaanza upya, C3 kila siku, hata zamu iwe ya nani. Siku moja akasinzia hapohapo kitini, na marehemu akakataza mtu kumwamsha.

"Wifi yangu alikuwa akimpima mgeni kichwa kwa macho kabla hajamkaribisha," ameniambia wifi yake, mama nisiyemfahamu kabisa, leo asubuhi akinipigia pasi shati.

Tunatoa pole kwa mumewe, kwa kaka yake, na kwa wakufunzi wote aliowasumbua. Nanyi, wasikilizaji, mkimwelekeza mtu kushoto, jiulizeni kwanza: kushoto kwa nani?

Fundi mitambo anagonga kioo. Anauliza kwa nini nimeandikwa kichwani.

Nimevua kofia kwa sababu ya joto. Nimejisahau.

Basi. Ni shangazi yangu. Mimi ndiye niliyekuwa kichwa chake cha mazoezi, maana nanyoa kipara. Jumapili, akiwa kitandani, aliniinamisha akanichora alama zote kwa kalamu ya nta. Hakukosea hata moja. Sijaosha kichwa tangu siku hiyo. Mama ameshanitishia kwa ndoo. Mazishi ni kesho na anataka niwe safi.

Zile pole nilizogawa, yangu sikuitaja. Naomba mnipe.