Namba Alizosomewa Fundi Koili

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae pamoja kidogo. Leo tunamkumbuka Fundi Koili, aliyefariki wiki hii akiwa na miaka sabini na mbili. Nawaomba radhi mapema. Sauti yangu leo si ile mliyoizoea, kwa sababu nina hasira, na nimeshindwa kuiacha nje ya studio.

Fundi Koili alikuwa msukaji wa mota. Mota ya pampu ikiungua, au ya kinu, au ya feni, unampelekea yeye. Anatoa waya ulioungua, anasuka mpya, anapaka vanishi, anakurudishia. Miaka thelathini na moja, karakana ileile, benchi lilelile. Kwenye benchi la pili alikaa shemeji yake, yaani kaka wa mkewe. Walikuwa chanda na pete. Mchana walikula sahani moja, na shemeji alizoea kumtania kwamba anaongea na mota kuliko anavyoongea na dada yake.

Karakana ikafungwa. Fundi akarudi nyumbani, na kukaa bure kukamshinda. Akajenga meli. Ndiyo, meli ya kuendesha kwa rimoti, lakini msicheke. Urefu mita mbili, uzito kilo arobaini, na ilikaa sebuleni pale palipokuwa na makochi. Mkewe aliniambia, "Wageni zamani nilikuwa nawakaribisha kwenye kiti. Siku hizi nawaonyesha pa kusimama."

Basi chuo cha ufundi kikatafuta mwalimu wa darasa la jioni la kusuka mota. Mkuu wa chuo hakutaka vyeti. Alisema kila anayeomba alete chombo cha umeme chenye mota aliyoichagua na kuifunga mwenyewe, kifanye kazi mbele ya watu. Fundi akajibu kwamba meli yake itamvuta mkuu huyo, amekaa ndani ya boti ya makasia, kwa dakika kumi kwenye bwawa la kuogelea la chuo. Darasa lile alilitaka kwa moyo wote. Binti yake, ambaye ni mshonaji, anakumbuka maneno yake: "Mwanangu, mikono hii imejaa kazi ya miaka thelathini. Sitaki kuzikwa nayo."

Kila kitu kilitegemea jambo moja: mota gani aifunge. Wasikilizaji, meli kubwa haitaki mota ya mbio. Inataka mota ya polepole yenye nguvu, izungushe panga kubwa linalosukuma meli ndani ya maji, na inywe umeme kidogo. Inayokunywa sana inaungua. Fundi alikuwa na mbili mezani: ya drili na ya feni ya basi. Moyo wake ulikuwa kwenye ya basi. Imetengenezwa kwa volti ishirini na nne. Ukiilisha kumi na mbili, inakwenda taratibu na haichemki.

Lakini Fundi hakuchagua mota kwa moyo. Aliifunga juu ya pipa la maji, panga likiwa ndani, akaiwasha dakika moja, akasoma mita inasema ampea ngapi, yaani mota inakunywa umeme kiasi gani. Hiyo ndiyo ilikuwa kanuni yake. Tatizo ni kwamba mwaka ule macho yalikuwa yameingia ukungu. Mtoto wa jicho, macho yote mawili, na alikuwa anasubiri zamu ya kupasuliwa. Mita hakuiona. Kwa hiyo mita akaisoma shemeji, na mkewe akaandika kwenye daftari.

Ya drili: ampea tisa. Ya feni ya basi: ishirini na nane.

Fundi alishangaa. Akaomba warudie. Wakarudia, shemeji akasoma vilevile. Fundi akaigusa ile ya drili kwa kiganja, na kwa dakika moja tu ilikuwa bado haijapata moto. Akasema labda amezeeka. Akafunga ya drili.

Siku ya mtihani nilikuwepo, nimeshika kipaza sauti. Shemeji alinivuta pembeni akaninong'oneza kwamba mzee siku hizi hasikii ushauri. Nikamwamini. Meli ikaanza kuvuta. Dakika ya tatu Fundi akainua pua, kabla hata moshi haujaonekana. Harufu ya vanishi inayoungua aliijua kuliko marashi. Akauliza taratibu, "Jamani, inaungua mota ya nani?"

Ilikuwa yake. Na mimi, wasikilizaji wapendwa, nikawatangazia kwamba meli ya Fundi imebadilika kuwa jiko. Watu walicheka. Mlicheka na nyinyi huko majumbani. Nimeisikiliza kanda hiyo jana, na nimejionea aibu.

Wiki iliyofuata shemeji naye akaliomba darasa lile, na akaomba kuazima meli. Fundi akampa, akamtakia heri. Shemeji akafunga mota ya feni ya basi, akailisha volti kumi na mbili, na mkuu wa chuo akavutwa dakika kumi bila moshi. Darasa akapewa shemeji. Analifundisha mpaka leo.

Miezi minne baadaye Fundi akapasuliwa macho. Siku bandeji zilipotoka alikwenda moja kwa moja uani, kwenye pipa. Akanunua mota nyingine ya drili, ya aina ileile; ya basi ilikuwa imerudi na meli. Akasoma mita mwenyewe. Ya drili, thelathini na moja. Ya basi, saba. Akafunga daftari lenye mwandiko wa mkewe, na hakumwambia kitu. Alimwambia binti yake tu, akamwapisha anyamaze mpaka yeye mwenyewe atakapoondoka duniani.

Nimempigia shemeji simu. Amesema alikosea kusoma. Alikosea ya drili kwa kushusha, ya basi kwa kupandisha, mara mbili mfululizo. Makosa gani hayo yanayojua njia?

Kwa mkewe, ambaye wiki hii amemzika mume na kujua ya kaka yake: mama, pole sana. Uliandika ulichosomewa. Kwa binti na wajukuu, poleni. Nami naomba msamaha ambao nimechelewa kuuomba.

Wasikilizaji, tutafakari. Kila siku kuna mtu anatuomba tumsomee barua, mizani, karatasi ya daktari, kwa kuwa haoni au hajui kusoma.

Binti anasema siku ya mwisho hospitalini shemeji alikuja kumwona mgonjwa. Fundi hakuwa na miwani. Shemeji akachukua chupa ya dawa, akamsomea: kijiko kimoja, mara tatu. Fundi akamshukuru kwa upole, akamuaga vizuri. Mlango ulipofungwa, akamgeukia binti yake akampa ile chupa.

"Nisomee wewe," akasema.