Karatasi za Karanga

Mpaka leo Nakala hajaweza kujua zilikuwa karatasi ngapi. Amejaribu kukadiria kwa siku, kwa idadi ya watu, hata kwa uzito wa boksi, na kila mara hesabu inamponyoka. Kibanda chake cha fotokopi kiko njia panda, na mbele yake kuna benchi: ubao mrefu juu ya matofali, uliosuguliwa ukang'aa na makalio ya watu wasio na haraka. Tangu uandikishaji wa vitambulisho vipya uanze, foleni ilikuwa haikatiki. Kila mtu na fomu yake: picha, jina, tarehe ya kuzaliwa, jina la mama, nyumba anayolala. Mashine ilikuwa kongwe, na ilikuwa na tabia moja: nakala ya kwanza ya kila mtu iliitia mstari mweusi. Hiyo iliyoharibika Nakala aliitupa kwenye boksi, na boksi likijaa alilisogeza kwa Mama Birika, aliyeuza kahawa na karanga hapo hapo. Karatasi nzuri, nene, itupwe jalalani kwa kosa gani?

Alasiri ile zamu ya kusema ilikuwa ya Wakili. Hakusomea sheria, alifagia mahakama miaka kumi na tisa, akaamini kwamba vumbi la kule lina elimu.

— Kitambulisho hiki ni kinyume cha katiba! Faragha ya mtu ni haki yake. Wanataka alama za vidole vyangu, za nini? Nimeiba?

— Bado, alisema Mama Birika huku akimmiminia.

— Wahenga walisema, mficha uchi hazai!

— Sasa hapo si umewatetea wao? alisema Nakala.

— Mimi nimeitumia kwa upande wake wa pili.

Dunia, aliyeendesha malori mpaka macho yakagoma, alipuliza maganda ya karanga kiganjani.

— Vidole ni geresha, ndugu zangu. Ndani ya kadi kuna uzi, mwembamba kuliko unywele. Uzi huo unasikia. Ukigombana na mkeo, wenzako huko wanaandika.

— Waandike, alisema Mama Birika. Labda watanisaidia kukumbuka tulianzia wapi.

— Cheka tu. Mwakani utakwenda dukani kununua sukari, kadi itasema: huyu jana ametia vijiko vinne. Hupewi!

— Na ukifa je? aliuliza Nakala, aliyependa kumchokoza.

— Hufi mpaka kadi ikubali. Umelala pale, ndugu wanalia, mtandao uko chini. Unasubiri.

Benchi likacheka. Nakala naye akaona amalize kwa neno zito.

— Mimi nina swali moja tu. Wanakusanya, wanakusanya. Hayo makaratasi anayalinda nani?

— Hapo umesema! alisema Wakili, akachukua pakiti nyingine ya karanga.

Ndipo alipofika mwanamke mmoja, futi ya ushonaji ikiwa bado inaning'inia shingoni.

— Shikamooni.

— Marahaba, binti. Karibu. Mgeni njoo, mwenyeji apone, alisema Wakili.

Hakukaa. Aliweka karatasi juu ya ubao na kuinyoosha kwa kiganja. Ilikuwa na mikunjo ya pakiti ya karanga, madoa ya mafuta na chumvi. Katikati ya mikunjo, chini ya mstari mweusi, ulikuwa uso wake.

— Mwaka jana nilimkimbia mume wangu, mimi na wanangu wawili. Hakuna aliyejua nilipohamia. Leo asubuhi nimemkuta mlangoni. Anasema alinunua karanga hapa, akazimaliza, akaniona namtazama. Jioni anarudi na ndugu zake kuchukua watoto.

— Nenda polisi, mwanangu, alisema Mama Birika.

— Nimetoka huko. Wamesema nilete nakala ya kitambulisho.

Siku nyingine Dunia angecheka.

Nakala alimkumbuka. Siku ile kwenye foleni alikuwa ameifunika fomu kwa mkono ili wa nyuma asiisome. Mashine ilipotema karatasi ya kwanza, aliuliza: "Hiyo iliyoharibika je?" Naye alimjibu kwa sauti ya mtu mwema: "Hiyo niachie mimi, dada."

— Sikuja kugombana, alisema mwanamke. Nauliza tu. Zangu ziko ngapi huko nje? Na za wengine?

Wakili aliitazama pakiti mkononi mwake. Mzee mmoja asiyemjua alikuwa anamwangalia kutoka pichani, kichwa chini. Aliigeuza, akakuta tarehe ya kuzaliwa. Hakujua aiweke wapi.

— Tutakuandikia barua ya kuomba radhi, alisema Wakili.

— Mtaandika na jina langu tena?

Mama Birika alinyanyuka, akalichukua boksi na kuanza kuzitia karatasi kwenye moto wa jiko, moja moja, kila moja akiigeuza uso chini kwanza. Birika likachemka kwa nguvu, na hakuna aliyenyoosha kikombe.

Nakala alisema ana mgongo bado, atambebea vitu ahame kabla ya jioni, popote aendako. Dunia akajitolea. Wakili pia.

— Mkijua ninakokwenda, mtakuwa watu wanne mnaojua, alisema mwanamke. Nyinyi mnaongea.

Hakulisema kwa hasira, na ndiyo maana liliuma.

Basi ikaamuliwa hivi, na aliyeamua ni yeye. Dada yake atangoja na mkokoteni nyuma ya kona, mwisho wa barabara. Kitu kizito ni kimoja, cherehani ya miguu. Mtu mmoja aifikishe penye kona, aiweke chini, asivuke. Aliyetekeleza ni Nakala. Alifunga kibanda mchana kweupe, akamfuata nyumbani, akabeba cherehani begani, watoto wakimtangulia na mifuko yao, mama yao nyuma. Penye kona aliitua taratibu, akageukia ukuta kabla hajaambiwa. Alisimama hivyo, pua karibu na plasta, akisikia magurudumu yakigonga mawe. Hata yaliponyamaza aliendelea kusimama, asije akajua yalielekea upande gani.