Historia ya Pindo, Aliyesema Ameona Mvi Zake

Ndugu waombolezaji, poleni kwa safari na poleni kwa msiba. Familia imempa kazi ya kusoma historia hii rafiki wa marehemu tangu utotoni, yule mwalimu ambaye wengi mnamwita Redio kwa sababu hanyamazi, na leo mtamvumilia akikwama.

Marehemu alizaliwa siku ya Jumanne, tarehe 9 Machi 1976, kitinda mimba wa fundi saa na mkewe, katika vyumba viwili vya nyuma ya duka, akaanza shule ya msingi Januari 1983 na sekondari Januari 1990, na huko ndiko alikopata jina la Pindo, kwa kuwa kila sketi iliyofumuka ilipelekwa kwake, naye aliirudisha ikiwa na pindo pana kuliko la mwanzo, akisema mwili hukua bila kuomba ruhusa.

Rafiki zake walikuwa wawili, Redio na Mrefu. Siku ya Ijumaa, tarehe 16 Oktoba 1992, saa tisa alasiri, watatu hawa waliachwa kufagia chumba cha ushonaji, wakasimama mbele ya kile kioo kirefu cha kupimia nguo, na kwa muda wa kumeza mate mara tatu kioo kikaacha kuwaonyesha wasichana wa kidato cha tatu. Anayetaka kucheka na acheke, Redio ameshazoea. Mrefu alijiona akishuka kwenye lori, funguo mkononi, akaruka kwa furaha, Redio alijiona ubaoni, na miwani, mnene kweli kweli, akaanza kulia kwa ajili ya huo unene, na walipomgeukia Pindo wamuulize yeye ameona nini, aliwatazama mmoja baada ya mwingine, kisha akasema amejiona bibi mwenye mvi kichwa kizima, wajukuu wakigombania mapaja yake. Walifurahi sana siku hiyo.

Alimaliza shule Novemba 1993, akajifunza ushonaji kwa miaka miwili, na tarehe 5 Februari 1996 akaajiriwa katika karakana ya sare za shule, cherehani ya tatu kutoka dirishani, akapanda hadi kuwa msimamizi wa meza ya ukataji mwaka 2008. Katika miaka hiyo Mrefu alipata lori lake, Redio akapata ubao na unene, basi wote wawili wakakiamini kile kioo kama mtu anavyoiamini kalenda.

Jumamosi, tarehe 12 Desemba 1998, Pindo alifunga ndoa na fundi bomba, wakajaliwa watoto watatu, mwaka 2000, 2003 na 2009, na kila mtoto alipoingia darasa la kwanza alikuwa ameshashonewa sare hadi za sekondari, zimekunjwa sandukuni. Rafiki zake walimtania kuwa haraka haraka haina baraka, naye alijibu kwamba haoni sababu ya kuwaachia panya kitambaa kizuri.

Februari 2019 figo zake zilianza kumsumbua, na tarehe 27 Mei akalazwa. Alhamisi, tarehe 6 Juni, mumewe alimpigia simu Redio, anayeishi mwendo wa siku nzima kutoka hapa, akamwomba aje, Redio akamwambia, shemeji, tulia, nina mitihani ya kusahihisha, nitakuja shule zikifungwa tarehe 28, na Pindo atatuzika sisi sote. Jumatatu, tarehe 17, Pindo alipiga mwenyewe, sauti imekwisha, akasema njoo, hata kwa siku moja, naye Redio akamtania kwamba mvi bado, asijidai anaondoka. Pindo alicheka, akauliza mitihani imebaki mingapi. Alifariki Alhamisi, tarehe 20 Juni 2019, saa tisa alasiri, akiwa na miaka arobaini na mitatu, bila unywele mmoja mweupe kichwani.

Redio alifika Ijumaa. Mume wa marehemu alimkalisha kwenye ngazi ya mlango, akamweleza jambo ambalo Pindo alimwambia wiki moja baada ya kuchumbiwa na kumwapisha asilitoe, kwamba siku ile kiooni aliwaona Mrefu na Redio wamekuwa watu wazima, na katikati yao nafasi ya mtu mmoja, tupu. Alisema mvi kwa sababu mmoja alikuwa anashangilia na mwingine ameshaanza kulia. Mchumba alipomuuliza kama anataka kuvunja uchumba, aliomba harusi iwahishwe.

Redio angejua, angepanda basi tarehe 6 ile ile, na mitihani ingeoza mezani. Lakini hata bila kujua, mgonjwa alimwita, na mgonjwa akiita huendewa. Hilo halikuhitaji kioo. Haombi kusamehewa hapa, maana wa kusamehe amelala.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, inawashukuru wafanyakazi wenzake wa karakana waliopokezana zamu ya kumwogesha, inawashukuru majirani, na hasa mama wa mlango wa pili, aliyekaa kwenye kiti cha kando ya kitanda siku kumi na nne, akampaka mafuta miguuni, na kila alipoulizwa kama kuna mgeni yeyote aliyefika, alitoka, akachungulia ukumbini kweli, ndipo akarudi kumjibu.

Pumzika, Pindo, amani ikulaze. Wageni wako tumefika.