Mkunga Aliyeuliza, "Mama Yuko Wapi?"

Mama yetu, tunayemsindikiza leo, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa pili wa fundi viatu. Shuleni mwalimu wa hesabu alimbandika jina la Wakili, kwani hakukubali jibu lolote kabla ya kuelezwa limepatikanaje. Alihitimu ukunga mwaka 1972, akatumikia wodi ya wazazi miaka thelathini na tisa.

Baba alikuja wodini kutengeneza taa. Mama akamwambia, "Fundi, usishuke. Shikilia taa hapo hapo, mtoto anakuja!" Walifunga ndoa tarehe 6 Septemba 1975. Mwaka 1979 mimba yao ya kwanza ilitoka ikiwa na miezi mitano. Alipozinduka, beseni alimowekwa yule mtoto lilikuwa limeshaondolewa. Hakuna aliyemwambia limepelekwa wapi, naye aliogopa kuuliza. Baadaye tulizaliwa kaka yangu na mimi.

Mwaka 2004 aliteuliwa kwenye kamati ya maadili ya hospitali. Watafiti waliomba kutumia tishu za mimba zilizotoka, watafute tiba ya ugonjwa wa kutetemeka. Daktari alisema ni sawa na marehemu kutoa figo. Mchungaji akasema ni sawa na kununua mali ya wizi. Walivutana wiki tatu, hadi Mama akanyoosha mkono.

"Daktari, mwenye figo alikubali akiwa hai. Mchungaji, aliyeibiwa hujua ameibiwa, hupiga kelele. Katika mifano yenu, mama yuko wapi?"

Kisha, kwa mara ya kwanza, akasimulia habari za lile beseni.

Utafiti ulisimama miezi minane, hadi ulipopatikana utaratibu: mama aulizwe na mkunga, si mtafiti, akishatulia; na akikataa, yaishe. Mchungaji alitia saini. "Bado napinga," alisema, "ila hatachukuliwa mtu kimyakimya tena."

Mwaka 2016 mikono ya Mama ilianza kutetemeka. Ugonjwa ule ule. Kaka alimuuliza kama anajutia ile miezi minane. "Mwanangu, nipone kwa kitu alichonyang'anywa mwenzangu? Ningemtazama vipi?"

Mwaka 2019 alijiunga na majaribio ya tiba hiyo, baada ya kusoma fomu nzima na kuwasahihishia watafiti makosa mawili. Haikumponya. Alifariki Jumanne, tarehe 6 Juni 2023, saa nne asubuhi, Baba akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watano na wakunga wengi aliowafunza. Wagonjwa wawili waliotibiwa baada yake sasa wanafunga vifungo vya mashati yao wenyewe. Mmoja amesimama nasi hapa.

Mama, umefanya kazi njema. Mungu akupe pumziko la amani.