Mama Pindo, Aliyetembea Mikono Ikionekana

Shangazi yetu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Pindo, alizaliwa Jumatano, tarehe 14 Agosti 1968, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya soko. Alikuwa mtoto wa nne na binti pekee wa fundi viatu na mkewe. Baba yake alisema mtoto amezaliwa amekunja ngumi. Mama yake akamjibu, "Ngumi gani, mume wangu? Huyo kashika uzi."

Alimaliza darasa la saba mwaka 1982 na akafaulu. Hata hivyo, sekondari walitangulizwa kaka zake, ambao mmoja wao alirudi baada ya muhula mmoja akidai hesabu zinamuumiza kichwa. Binti akapewa cherehani. Hakulalamika; malalamiko aliyaweka akiba.

Tarehe 3 Februari 1986 aliajiriwa katika kiwanda cha sare, meza ya mapindo. Kwa miaka thelathini na tatu alikunja mapindo ya sare za wanafunzi, za wauguzi na, jamani, za polisi. Haikurudishwa hata suruali moja.

Mwaka 1990 aliolewa na dereva wa lori wa kiwanda hicho hicho. Mume anakiri kwamba alifumua pindo la suruali yake kwa makusudi mara tatu, ili apate sababu ya kupita mezani pale. Mara ya nne akaambiwa, "Kaka, ama unanioa, ama unatafuta suruali nyingine." Walijaliwa watoto wawili.

Katika kiwanda hicho wanaume walikwenda chooni walipobanwa. Wanawake waliinua mkono na kungoja msimamizi aitikie kwa kichwa. Septemba 2019 mwenzake wa meza ya vifungo, mjamzito wa miezi saba, aliinua mkono saa nne asubuhi. Saa tano na nusu ulikuwa bado juu. Akaanguka kando ya mashine, na mtoto akafia tumboni. Kiwanda kikaandika: uzembe wa mfanyakazi.

Siku hiyo Mama Pindo hakugusa chakula. Alimwambia mumewe, "Baba Watoto, mkono wangu ukiinuka tena, hautaomba ruhusa."

Ndipo akashona bango. Mita ishirini za kitambaa cheupe, HAKI SAWA kwa uzi mwekundu, na pindoni kote vitanzi arobaini, kila kimoja cha kupitisha kiganja.

"Vitanzi vya nini tena?" mumewe akauliza.

"Watasema tumebeba mawe. Sasa mtu aliyeingiza mikono yote miwili humu, jiwe atalirusha kwa ulimi?"

Waliandamana hadi kiwandani Jumamosi tatu, mafundi mbele na waume zao nyuma. Hakuna kioo kilichopasuka. Hata maua ya lango la kiwanda hayakukanyagwa. Mama Pindo aliwakaripia waliotaka kupita njia ya mkato.

Kwa kawaida, hapa husomwa kwamba marehemu aliugua kwa muda mfupi. Wako ndugu waliotusihi tuandike hivyo, yaishe. Hayajaisha. Mama Pindo hakuugua hata mafua. Alipigwa rungu la polisi kichwani Jumamosi ya nne, tarehe 16 Novemba 2019, saa sita kasoro robo mchana, mbele ya lango la kiwanda. Wenzake walimbeba ndani ya bango lake mwenyewe. Alifariki hospitalini Jumatatu, tarehe 18.

Taarifa ya polisi inasema alirusha jiwe. Kwa mkono upi? Muuguzi aliyempokea alilazimika kukata vitanzi viwili kwa mkasi ndipo aweze kumtoa. Basi aliyeandika taarifa hiyo na ainame kidogo, atazame pindo la suruali yake. Pindo hilo halijafumuka. Aliyelikunja ndiye huyu tunayemzika.

Ameacha mume, watoto wawili, kaka watatu, akiwemo yule wa hesabu, watoto wa kaka zake, ambao aliwakaripia kwa usawa, na mwenzake wa meza ya vifungo, aliyesimama pale mbele leo.

Bango ndilo lililofunika jeneza. Vitanzi vilivyokatwa havitashonwa. Vitabaki hivyo hivyo hadi vitakapoonyeshwa mahakamani. Vingine thelathini na vinane viko wazi, na Jumamosi vinahitaji mikono.

Pumzika kwa amani, Shangazi. Amani yetu sisi tutaifuata kwa miguu.