Tangazo Tamu

Benchi la Babra liko Kabalagala, ng'ambo ya tawi la benki, na kahawa yake ya tangawizi huwakusanya watu wasio na haraka. Asubuhi hiyo Valarie, ofisa wa mikopo, alivuka barabara na karatasi mkononi. Tawi lingefungwa Ijumaa, na tangazo la kubandika mlangoni alikuwa ameachiwa yeye, kwa kuwa ndiye aliyepelekwa kwenye mafunzo ya uandishi. Mkufunzi alisisitiza: msomee mtu asiyefanya kazi benki, kisha muulize ameelewa nini. Meneja naye alikuwa ameshalipitia tangazo na kulirembesha. Valarie akasoma.

— "Katika juhudi za kuboresha huduma, benki inapanga upya uwepo wake Kabalagala. Hatua zinazofuata zitatangazwa kwa wakati mwafaka."

— Tamu! — akasema Ogwal, polisi mstaafu, ambaye wote humwita Afande. — Soma tena, nyabo.

Akasoma tena.

— Umeelewa nini, Afande?

— Mnajenga ghorofa.

— Ghorofa gani! — akadakia Ondiek, muuza saruji, Mkenya mwenzake Valarie, Profesa wa benchi. — Hiyo ni lugha ya mwekezaji. Ananunua mtaa mzima, baa na watu wake.

— Basi atataka walinzi.

— Na saruji! Valarie, hiyo tenda ukisahau watu wa nyumbani, nampigia mama yako.

— Mimi wataniweka ndani, kwa kiyoyozi, — akasema Babra.

— Babra na kiyoyozi! Utatuuzia kahawa baridi! — akacheka Afande.

Valarie alilipitia tangazo akitafuta ghorofa imeingilia wapi. Hakukuwa na neno hata moja la uongo. Hilo ndilo lililomtisha.

Kahambu, Mkongomani muuza vitenge, alikuwa amefika na kutua mzigo wake.

— Mi nauliza tu, dada. Jumatatu nikikuja na pesa yangu, huo mlango utakuwa wazi?

Valarie akatoa kalamu, akakata mistari yote, akaandika upya chini yake, akasoma:

— "Tawi hili linafungwa Ijumaa. Kuanzia Jumatatu, nenda tawi la Bukoto."

Afande akaweka kikombe chini.

— Eh, hiyo mbaya, — akasema Afande. — Rudisha ile ya kwanza.

— Ile ilikuwa na heshima, — akaunga mkono Profesa. — Hii haina hata salamu.

Kahambu peke yake aliitikia kwa kichwa. Akabeba mzigo wake, kisha akageuka.

— Na wewe, dada? Jumatatu utakuwa wapi?

Swali hilohilo Valarie alikuwa amemuuliza meneja mapema asubuhi, amesimama, mikono nyuma.

— Nitajulishwa kwa wakati mwafaka, — akajibu Valarie, kwa maneno ya meneja.

Hakuna aliyesema tamu. Babra akainua birika, akammiminia kahawa yote iliyobaki.

— Hiyo nimeelewa, — akasema. — Kunywa, nyabo.